Sabuni Kwenye Mkanda wa Gari

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, mtaa mzima ulijua kwamba mama yake Kwanini amewasha gari. Wiiiiii! Mlio ulitoka kwenye injini, ukapenya madirishani, ukamwamsha mtoto mchanga wa jirani. Baada ya dakika mbili hivi ulikoma, na gari likaondoka kana kwamba halikufanya lolote.

Kwanini alikuwa msichana wa darasa la sita. Jina lake hasa lilibaki kwenye daftari la mwalimu tu. Wengine wote walimwita Kwanini kwa sababu ya maswali yake. Kwa nini mwezi unatufuata? Kwa nini kitunguu kinamliza anayekikata, si anayekila? Mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kusambaza madaftari madukani, alijibu alichokijua. Asichokijua alisema, "Muulize bibi." Bibi naye alisema, "Muulize mama yako."

Siku hizo bibi hakuwa na hamu ya maswali. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alimimina chai nje ya kikombe, na juzi alimkaribisha mgeni ndani kumbe ni koti lililotundikwa mlangoni. Alikuwa amesubiri miezi saba apate nafasi ya upasuaji katika hospitali ya macho, mwendo wa saa tatu kwa gari. Sasa nafasi ilikuwa imepatikana: Ijumaa, saa nne asubuhi. Barua ya hospitali ilisema wazi kwamba atakayekosa siku yake ataanza kusubiri upya.

Jumatano ya wiki hiyo, mama alimshusha Kwanini kwenye lango la shule. Alipowasha gari tena aondoke, likalia kama kawaida yake. Wanafunzi wakaudaka ule mlio.

"Wiiiii! Filimbi imelia, mpira uanze!"

"Kwanini, hilo gari mnalipa chakula kweli?"

Kwanini alicheka nao, lakini masikio yalimwaka moto. Akakumbuka alivyowahi kumwona dereva mmoja wa teksi akisugua sabuni kwenye mkanda wa injini yake, na mlio ukakatika papo hapo. Jioni, gari likiwa limezimwa na kupoa, na mama yuko bafuni anaoga, Kwanini alichukua kipande cha sabuni ya kufulia. Akafungua boneti, akausugua ule mkanda mweusi wa mpira unaopita mbele ya injini, kila mahali mkono wake ulipofika.

Alhamisi asubuhi mama aliwasha gari. Kimya.

"Ajabu!" mama alisema, kichwa nje ya dirisha. "Limepona lenyewe."

"Labda limechoka kulia," bibi akajibu kutoka barazani.

Kwanini akapanda gari upesi, mkoba kifuani. Shuleni hakuna aliyemcheka siku hiyo, ila sasa swali lilimkaa kichwani kama mwiba. Kile kilichokuwa kinalia kimekwenda wapi? Sabuni inaponya mpira? Na mbona alipomaliza kuusugua mkanda, vidole vyake vilikuwa na unga mweusi kama masizi?

Alasiri mama alimchukua shuleni, wakapitia gereji ili gari likaguliwe kabla ya safari. Fundi wao aliitwa Fundi Kalamu, kwa kuwa kalamu ya rangi nyeupe haikumtoka sikioni. Kila alichobadilisha kwenye gari la mtu alikiandika chini ya boneti, pamoja na kilomita. Siku hiyo alikuwa na magari manne yanayomsubiri. Alipima upepo wa matairi, akatazama oili na maji, akauliza, "Na ule mlio je, dada?"

"Umeisha. Tangu asubuhi halijalia hata kidogo."

"Basi afadhali. Nilitaka kuufungua mkanda, lakini kama haulii, nendeni salama. Mkirudi tutautazama." Akashusha boneti. Pu!

Mama akatoa ufunguo wa gari. Kwanini alimwona bibi mawazoni, ameketi kando ya barabara ndani ya gari lililokufa, barua ya hospitali mapajani.

"Fundi, shikamoo," alisema.

"Marahaba. Si umeshanisalimia wewe?"

"Ndiyo. Fundi, mkanda ukipakwa sabuni, unapona?"

Fundi Kalamu akageuka polepole. "Nani kaupaka?"

"Mimi. Jana. Walikuwa wananicheka shuleni."

"Mtoto wewe!" mama akashika kiuno. "Na asubuhi unaniona nashangilia, unaniangalia tu?"

"Ngoja, dada, utamgombeza baadaye," fundi alisema, huku anainua boneti tena. "Njoo hapa, wewe mwenye sabuni."

Aliuosha mkanda kwa maji, akaufuta kwa kitambaa kikavu, akamwambia mama awashe. Wiiiiiii! Gari lililia kuliko siku zote, na taa nyekundu ya betri ikawaka mbele ya usukani. Fundi akaonyesha kwa mkono lizimwe. Akaufungua mkanda na kuukunja kinyumenyume mbele ya macho ya Kwanini.

"Unaona nini?"

"Nyufa. Nyingi! Zimekaribiana kama meno ya kitana. Na hapa pamebanduka."

"Gusa upande huu."

"Unateleza. Unang'aa."

"Mkanda unaong'aa hivyo haushiki tena. Huu ndio unaozungusha pampu ya maji na mashine inayochaji betri. Ukikatika njiani, maji hayatembei, injini inachemka, na safari imeishia hapo. Haya, soma niliandika nini hapo juu."

Kwanini akainua shingo. "Mkanda mpya, kilomita elfu sitini na moja."

"Na sasa gari limefika ngapi?"

Alikimbia kutazama. "Laki moja na elfu sabini na mbili! Umetembea... laki moja na elfu kumi na moja."

"Gari hili mkanda haupaswi kuvuka laki moja, hata ukionekana mzima. Ukiona nyufa kama hizi, au umechanika nyuzi pembeni, husubiri hata hiyo laki." Fundi akavuta mkanda mpya kutoka kabatini. "Dakika kumi tu, dada."

Lakini Kwanini alikuwa bado anaugeuza ule wa zamani. "Fundi, kwa nini umelika upande mmoja tu?"

Fundi akasimama, mkanda mpya mkononi. Akauchukua ule wa zamani, akautazama kwa karibu, kisha akarudi kwenye injini na kuzungusha kwa kidole magurudumu yaliyokuwa yakiubeba, moja baada ya jingine. La kwanza lilizunguka laini. La pili vilevile. La tatu likasema krrr, krrr, likayumba kama mlevi.

"Alaa! Kumbe mchawi ni huyu," alisema. "Hiki ni kikaza mkanda, kazi yake kuubana usilegee. Beringi yake, zile gololi za ndani, imekwisha, kwa hiyo kinaupinda mkanda. Ningefunga mkanda mpya juu yake, mwezi usingeisha ungekuwa umeliwa. Dada, kimbia duka la vipuri, naona wanafunga!"

Mama alivua viatu, akakimbia navyo mkononi. Alirudi anahema, kikaza kipya kwapani.

Vyote viwili vilipofungwa, gari liliunguruma taratibu, na taa ya betri ikazimika. Kwanini akatega sikio.

"Fundi, kimya hiki na kile cha asubuhi vina tofauti gani?"

Fundi Kalamu alicheka. "Asubuhi lilikuwa limezibwa mdomo. Sasa limeshiba." Akampa kalamu, na Kwanini akaandika mwenyewe chini ya boneti: mkanda na kikaza, kilomita laki moja na elfu sabini na mbili.

Ijumaa walifika hospitalini saa tatu na nusu. Bibi alipoingizwa ndani, Kwanini na mama wakabaki kwenye benchi.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Gari lilikuwa linatuambia shida yake, wewe ukalinyamazisha." Mama akatazama sakafu. "Lakini na mimi nina langu. Miezi miwili nalisikia likilia, nami naongeza sauti ya redio. Kitu kikikuonyesha kimechakaa, mwanangu, kitafute kinachokisumbua ukitengeneze mapema. Na ukikosea, sema mapema vilevile. Jana ulisema kabla hatujaondoka. Ungesema leo njiani, isingemsaidia bibi."

Jumamosi asubuhi muuguzi aliondoa bandeji. Bibi alipepesa macho, akamtazama muuguzi, dirisha, kisha mjukuu wake, kwa muda mrefu.

"Bibi, kwa nini unaniangalia hivyo?"

"Nakuona," bibi alisema. "Kwa nini hukuniambia umerefuka hivi?"