Nzula Hupatikana Alhamisi

Ukitembea Tom Mboya Street saa saba mchana hatua kumi bila kukanyagwa, una bahati ya mtende. Juni hiyo ya 2008 Wangu hakuwa nayo. Amevaa sketi ya kijivu na sweta jekundu alilofumiwa na mamake, kwapani ana bahasha ya ofisi, mdomoni njugu, mara kitu kipana kilichofungwa kwa leso kikampiga begani.

"Woi! Pole, dada, pole sana!"

"Pole ya nini na ushanivunja? Umebeba mlango?"

"Si mlango. Ni sola."

Alikuwa kijana mrefu, shati la samawati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, lakini viatu vimejaa vumbi jekundu la mbali. Kabla Wangu hajapata tusi la kumfaa, filimbi ikalia. Wachuuzi walikunja mali zao wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na askari akamshika kijana kola.

"Wewe! Unauza TV bila leseni!"

"Si TV, mkubwa, ni..."

"Utaeleza mbele."

Hata leo Wangu hajui ni nini kilimtuma. "Afande, wacha huyo. Ni bwanangu."

"Bwanako?"

"Si unaona vile nimemtuma kitu moja na analeta vituko? Hiyo tunapeleka nyumbani." Akamgeukia kijana, akamkazia macho. "Baba Nani, si nilikwambia usinitangulie?"

"Nisamehe, mama," kijana akajibu kwa unyenyekevu hata askari akaangua kicheko, akamwachilia.

Jina lake lilikuwa Mwololo, fundi wa sola kutoka upande wa Mutomo. Alimnunulia Wangu chai na mandazi kumshukuru, akamfungulia leso aone kile kioo cheusi cha mteja wake. Zahanati ya kijijini kwao ilikuwa na chumba cha kujifungulia, ila stima haikuwahi kufika. Usiku mkunga alifanya kazi huku ameshika tochi kwa meno.

"Kwa meno?"

"Mikono si iko na kazi? Na dadangu Nzula atajifungua hapo Disemba. Tumeandikia wafadhili barua mpaka bei ya stempu tunaijua kwa kichwa. Na wewe unafanya kazi gani?"

Wangu akatafuna njugu yake ya mwisho polepole. Alikuwa karani wa mfuko mmoja wa kufadhili umeme wa jua vijijini, katika nyumba ya zamani pale Woodley. Lakini alishajua: mwanamume akisikia hivyo, mapenzi hugeuka maombi.

"Nachapa barua," akasema.

Wiki tano zilizofuata zilikuwa za simu. Kila jioni Wangu akishuka matatu kwao Kinoo, Nokia yake ililia kabla hajavuka barabara.

"Sasa, Mama Nani?"

"Poa, Baba Nani. Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Utakonda, bana!"

Mamake, Muthoni, akimenya viazi jikoni, alikohoa tu. "Huyo Baba Nani, ana miguu ya kuja hapa ama ana mdomo peke yake?"

Kisha Jumatatu moja simu ikalia adhuhuri.

"Janice Wangu Karanja."

Hakuwahi kumwita majina yote matatu tangu siku aliyomtajia.

"Mwolo, kuna nini?"

"Barua ya zahanati imefika. 'Tunasikitika kukujulisha.' Sahihi ni yako. Uliniambia unachapa barua, Wangu. Hukuniambia unafunga milango."

"Sikujua ni yenu! Aki ya Mungu, siku hiyo nilitia sahihi barua arobaini..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Wangu alilia chooni, akanawa uso, akaenda kabatini. Faili ilikuwa imetiwa sahihi na mwenyekiti wa zahanati, mzee Kaindi. Jina la Mwololo halikuwemo. Ukurasa wa nne, penye *Mchango wa wanakijiji*, palikuwa na neno moja kwa mwandiko mzuri: *Hakuna*. Na sheria ya mfuko ilikuwa hiyo: kijiji kisichochangia, faili inarudi. Lakini nyuma kulikuwa na picha. Akina mama wamejipanga foleni na ndoo za mchanga vichwani. Wanaume wanajenga chumba cha mawe.

Akapiga simu, Mwololo hakushika. Jioni akapiga kwa simu ya mamake.

"Usikate! Hawa watu kwa picha wanafanya nini?"

"Hiyo ni mwethya, kazi ya kusaidiana. Walijenga chumba cha betri."

"Siku ngapi?"

"Mwethya haihesabiwi, Wangu. Watu wakija kukufanyia kazi, unawapikia muthokoi, unashukuru. Ukianza kuhesabu jasho la jirani, hawarudi tena kwako."

"Ndiyo mkaandika hakuna?"

"Pesa hakuna. Si mliuliza mchango?"

"Mwolo! Huo ndio mchango!"

Sauti ndogo ikajibu: "Woi."

"Rufaa inafungwa Ijumaa saa kumi na moja. Nani anakumbuka waliofanya kazi?"

"Nzula. Lakini simu yake anachajia sokoni. Hupatikana Alhamisi peke yake."

Alhamisi walikaa kwenye mkahawa karibu na Archives, vichwa vimegusana juu ya simu moja. Nzula alipatikana saa sita, mbuzi wakilia nyuma yake.

"Sisi hatuhesabu kazi ya watu," akasema.

"Usihesabu, wifi," Wangu akamjibu. "Nipigie hadithi tu. Nani alibeba mchanga, na siku hiyo kulikuwa na nini?"

Hapo Nzula akafunguka: siku ya mvua ya mawe, siku baada ya mazishi ya mzee Kitavi, siku ambayo mama wa mapacha alikataa kupumzika. Mwololo aliandika hadi kalamu ikaisha wino, Wangu akampa yake. Hakuirudisha, na Wangu hakuidai.

Ijumaa saa kumi Mwololo aliingia Woodley na lile shati la samawati. Meneja, Madam Rael, alisoma kurasa tisa za majina, akavua miwani.

"Hii ni kazi. Lakini Wangu, lazima utangaze. Andika hapa, uhusiano wako na mleta rufaa."

Wangu akaandika *Rafiki*.

"Rafiki?" Madam Rael akaguna. "Nimekusikia ukicheka na hiyo simu tangu Juni."

Mwololo akachukua fomu, akakata neno lile, akaandika lake. Wangu akasoma: *Mume. Shahidi ni askari wa Tom Mboya.*

"Huo ni uongo kwa karatasi ya ofisi," Madam Rael akasema, akiuma mdomo asicheke.

"Basi andika mchumba," Mwololo akasema. "Kama mwenyewe anakubali."

"Baba Nani! Posa gani hii, mbele ya muhuri?"

"Mbuzi wa mahari watafuata Kinoo. Mwambie mama nina miguu."

Wangu akaandika *Mchumba* kwa herufi kubwa, halafu faili ikapewa Lazarus, karani asiyecheka hata harusini, aipime bila upendeleo. Ilimchukua wiki tatu.

Disemba, Wangu akiwa nyumbani anapima gauni na mamake ameshika pini mdomoni, simu ililia. Ilikuwa Nzula.

"Wifi? Leo si Jumatatu? Uko sokoni kufanya nini na hali yako hiyo?"

"Soko gani! Nachajia hapa hapa zahanati, kando ya kitanda." Nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa hasira ya mgeni. "Ni msichana. Amekuja alfajiri. Na mkunga, wifi, bila tochi mdomoni, ungemsikia! Ameimba mwanzo hadi mwisho."