Kitabu Alichokisifu Dija

Kila alasiri, akitoka chuo cha Kurani, Dija alipita kwa shoga yake Miza kumsaidia kuteka maji. Nyumba ya kina Miza, pale mji mkongwe wa Bagamoyo, ilikuwa kimya siku hizo. Chombo cha baba yake Miza kilizama njiani kwenda Pangani, na wenzake waliookoka walimwona akipotelea majini. Mama yake Miza, Bi Somoe, alikuwa amekaa eda chumbani na mtoto mchanga mapajani. Alisema kwa nadra, na kula alikula kwa kubembelezwa.

"Natafuta kitabu nimsomee mama," Miza alisema. "Kitu cha kumchangamsha."

"Chukua kwetu kile cha Kichina alicholeta mjomba wangu kutoka kwenye kazi ya reli na Wachina," Dija alijibu papo hapo. "Ni hadithi ya kale, imetiwa Kiswahili. Kijana anapanda samaki mwekundu, wanapaa mawinguni na kumtania mfalme. Mtacheka mpaka mbavu ziwaume."

"Umekisoma chote?"

"Chote, shoga. Mwanzo mpaka mwisho."

Kweli yenyewe ni kwamba Dija alikuwa amesoma kurasa chache tu. Mengine aliyaona uwanjani, gari la sinema lilipokuja na picha za Kichina za kuchorwa, zinazotembea na kusema kama watu. Picha ile iliisha kwa kicheko, naye akaamini kitabu nacho kitaisha vivyo hivyo. Tena alipenda kuitwa msomaji, na sifa ni tamu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Miza alisoma, Bi Somoe akatabasamu, akaomba chakula mwenyewe. Dija akawa anatembea shingo juu kama daktari aliyeponya mtu.

Alasiri moja Miza alimsubiri mlangoni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Baba wa yule kijana anazama mtoni," alisema. "Mkewe anasimama ukingoni anamwita. Nilikuwa nasoma kwa sauti, Dija, sikujua kinachokuja. Mama hajala tangu jana. Maziwa yamekauka na mtoto analia tu."

"Nilisahau hapo," Dija alinong'ona.

"Mtu husahau baba akizama?"

Miza akamtupia kitabu, akafunga mlango.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, hakuna chuo. Dija alijifungia ndani akasoma, safari hii kila neno. Aliomba moyoni yule samaki amrudishe mume, ili apate habari njema ya kupeleka. Kurasa ziliisha, mume hakurudi. Mkewe alilia, kisha akafuma vitambaa na kulea mwanawe mpaka uzeeni. Dija alilia naye.

Njiani kwenda kwa kina Miza alifikiri, nikisema alirudi, nani atajua? Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikwisha kuona ilikomfikisha.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilitoka kwa taabu. Mtoto alikuwa amechoka hata kulia.

"Nilimdanganya Miza. Sikuwa nimekisoma kitabu. Mimi ndiye niliyewatia katika haya. Nisamehe."

Bi Somoe alimtazama sana. "Na sasa umekisoma?"

"Nimekimaliza."

"Yule mume alirudi?"

Miza aliyekuwa pembeni aliinua kichwa. Dija akajibu, "Hakurudi. Mkewe alilia sana. Kisha akafuma vitambaa, akamlea mwanawe."

Bi Somoe alilia kwa sauti, kilio alichokibana tangu msiba. Kilipotulia alijifuta kwa upindo wa kanga.

"Kila aingiaye hapa huniambia nisilie," alisema. "Miza, nipe uji."

Alikunywa polepole, kibakuli kizima. Kisha akamwambia Dija, "Ukimsifia mtu kitabu, umemwonyesha njia, naye atakwenda akikuamini. Usimwonyeshe mwenzio njia usiyoipita. Ungejua kilichomo ungeniambia, nami ningechagua mwenyewe. Juzi sikuchagua, na aliyelala njaa ni huyu mtoto."

"Nimesikia, mama."

Alimweka mtoto kifuani. Mtoto alihangaika, akashika ziwa, akanyamaza.

"Haya, Miza, tusomee," Bi Somoe alisema. "Nataka kusikia huyo mwanamke aliishi vipi."

Miza alichukua kitabu mkononi mwa Dija bila kumtazama. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akamwachia nafasi ya kukaa.