Mfano Nao Una Bei

Mambo yaliharibika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, siku ya kufungua maonyesho ya kazi za mikono pale mjini Baraka, katika eneo la Fizi. Asubuhi ile Casimir alikuwa na kitunga cha marehemu mke wake. Kabla jua halijafika utosini, hakuwa nacho tena. Na kibaya zaidi, kitunga kilipokuwa kinachukuliwa, Casimir mwenyewe alipiga makofi.

Casimir ni mtu wa Lweba, kando ya ziwa. Analima muhogo. Mke wake, Pulchérie, alikuwa msukaji. Alisuka vitunga vya majani makavu, akavifunga kwa ukindu. Watu walimjua mpaka Mboko kwa sababu ya vifuniko vyake. Ukiweka kifuniko cha Pulchérie juu ya kitunga, kinashuka polepole kama mtu anayekaa kitini. Halafu kinatoa pumzi: fuu! Hapo sisimizi hapiti. Unyevu hauingii. Unga unalala salama.

Pulchérie alikufa kwa homa wakati wa mvua. Alikufa njiani, juu ya pikipiki, kwa sababu barabara ya kwenda hospitali ilikuwa mashimo na matope. Tangu siku hiyo Casimir hana neno tamu kwa mkubwa yeyote wa serikali.

"Kutengeneza barabara habajue," husema. "Kukata utepe, pale banajua sana."

Pulchérie aliacha binti mmoja, Divine, na kitunga kimoja cha mwisho. Divine alijua kusuka tumbo la kitunga. Kifuniko alikuwa hajafundishwa. Basi kitunga kile kilikuwa mwalimu wake. Alikifungua, akachungulia ndani ya kifuniko, akajaribu, akafumua, akajaribu tena.

Siku ya maonyesho walipewa meza ya nyuma kabisa, jirani na vyoo. Meza za mbele zilikuwa za ndugu za wakubwa. Divine akasema, "Papa, tuweke ile ya mama mbele. Batu baone."

Wakakiweka.

Wakubwa walifika wamechelewa, kama kawaida yao. Spika ilipiga kelele. Mbele alitembea mkubwa mwenyewe, na miwani myeusi. Nyuma yake alikuwa sekretari wake, Bertin, anayecheka kabla mkubwa hajamaliza kusema. Mkubwa akafika mezani, akachukua kitunga cha Pulchérie, akafunga kifuniko. Fuu!

"Oh! Hii ndiyo kazi ya Fizi!" akasema. "Hii nitapeleka Bukavu, iwe mfano. Bakubwa ya huko baone."

"Tupige mikono!" Bertin akapaza sauti.

Watu wakapiga. Casimir naye akapiga. Tangu utoto aliambiwa mkono mtupu haulambwi, na mwenye nguvu mpishe. Mgeni mkubwa akipita kwako, haondoki mikono mitupu. Makofi yalipoisha, kitunga kilikuwa kwapani mwa Bertin, na Bertin alikuwa anaingia kwenye gari.

 Divine alitazama mahali kitunga kilipokuwa kimekaa.

Siku ile hawakuuza. Wateja waliochukua vitunga vya Divine walijaribu vifuniko, wakavirudisha. Mama mmoja akacheka: "Papa, hii kifuniko inacheza kama jino ya muzee!"

Wiki zilizofuata, Casimir alikwenda bureau, ofisini kwa mkubwa, mara nyingi kudai kitunga chake. Bertin alimpokea mlangoni, bila kumpa kiti.

"Mukubwa iko mu mission, safari ya kazi," akasema Bertin.

"Na kitunga nayo iko mu mission?"

"Muzee, andika demande, barua ya kuomba."

"Ni kitu ya muke wangu. Mulibeba bila demande. Mimi nichukue na demande?"

"Ungefurahi," Bertin akasema. "Kitunga yenu inajulikana sasa."

"Inajulikana na nani?"

Bertin akafunga mlango.

Siku moja Mama Gloriose alikuja Lweba kutafuta ukindu. Gloriose ni Mrundi. Alivuka mpaka na wakimbizi wenzake mwaka wa 2015, na anaishi kambini Lusenda. Naye ni msukaji. Siku ya maonyesho meza yake ilikuwa pembeni ya meza ya Casimir. Alimkuta amekaa mlangoni, uso umekunjamana.

"Papa Divine, ulirudi tena bureau?"

"Nilirudi. Ati nilete demande."

"Ewe! Ukileta, watasema haina timbre, stempu ya serikali. Ukileta timbre, watasema wino ni ya bluu."

"Ni bezi, Mama Gloriose. Bezi ya kuvaa kravati mu shingo."

"Ni kweli. Walibeba kitu ya watu." Gloriose akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Lakini mi nilikuwa karibu. Nilikuona. Ulipiga mikono."

Casimir aliinamisha kichwa. Kisha hasira ikampanda.

"Ulitaka nifanye nini? Nimunyanganye mukubwa mbele ya polisi?"

"Hapana. Ulipaswa kusema bei."

"Bei?"

"Bei. Kitunga yako ilikuwa mezani bila karatasi, bila neno. Kitu haina bei, mukubwa anaona ni zawadi. Na muteja wa kawaida anaona haya kuuliza. Anasema, labda ni ghali, anapita. Kwa kunyamaza unapoteza mara mbili."

"Na nikisema bei, akakasirika?"

"Akasirike. Hasira haibebi kitunga."

Casimir akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

"Sasa nitajuaje bei?" akauliza. "Pulchérie alikuwa anasema tu, kwa kuangalia uso ya muntu."

"Wengi tunafanya hivyo, ndiyo maana tunakula hasara. Weka ukindu ulionunua. Weka rangi. Weka pikipiki ya kwenda Baraka na kurudi. Halafu weka siku za mikono ya Divine. Mikono yake si ya bure, Papa Divine. Ikiisha hiyo, ongeza kidogo, ndiyo faida. Chini ya pale usishuke, hata akija askofu. Funga karatasi kwa kila kifuniko, bei iandikwe kubwa. Na kitu kingine: kitunga ya kufundishia haitoki nyumbani. Ile ni mbegu. Nani anapeleka mbegu sokoni?"

Divine alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Akasema kwa sauti ndogo, "Mbegu ilishaenda, mama. Kifuniko sikijui."

Gloriose alimtazama, halafu akamgeukia baba yake.

"Pulchérie alipokuwa anasuka kifuniko, nani alikuwa karibu naye?"

"Mimi," akasema Casimir. "Nilikuwa namushikia tu. Ile ni kazi ya banamuke, mi sijui."

"Ulishika nini?"

"Kitunga. Hapa, mu magoti. Nilikuwa nageuza, yeye anasuka. Kifuniko alikuwa anakisukia juu ya mudomo ya kitunga yenyewe..." Akasimama ghafla. "Na jani! Alikuwa anaweka jani ya ndizi katikati!"

Divine akakimbilia mgombani.

Jani la kwanza lilipasuka kila walipolikunja. Walikaa wakilitazama. Kisha Casimir akafumba macho, akakumbuka harufu. Nyumba yao ilikuwa ikinuka jani lililopita juu ya moto, kama siku za kupika samaki ndani ya majani. Wakapasha jani la pili juu ya makaa. Likawa laini kama kitambaa. Wakalifunga kuzunguka mdomo wa kitunga kimoja cha Divine. Casimir akakipakata magotini. Divine akasuka kifuniko juu yake, kwa sindano aliyoichonga kutoka waya wa gurudumu la baiskeli.

Jirani yao Wilfried alipita na nyavu zake, akasimama.

"Muzee Casimir! Umekuwa mama sasa?"

"Ee. Kaa hapa nikufundishe adabu. Mama yako alisahau."

Wilfried akaenda zake anacheka. Casimir hakuacha kugeuza kitunga. Alikigeuza upande wa kushoto tu, kama mikono yake ilivyozoea.

Ukindu ulipokauka, wakachomoa jani. Pale jani lilipokuwa, nafasi ndogo ikabaki, nyembamba kama jani lenyewe. Divine akaweka kifuniko juu. Kikashuka polepole.

Fuu!

Divine alikaa chini, akalia. Baba yake alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hawakuwa na mbuzi.

Kitunga kile cha kwanza hawakukiuza. Kilining'inizwa juu ya kitanda cha Divine, kiwe mbegu.

Maonyesho mengine yaliitishwa mwezi wa nane. Juma moja kabla, Gloriose aliwakusanya wauzaji wenzake. Walikuwemo Mama Dorothée wa vyungu na Ndizeye anayechonga viti.

"Peke yako, mukubwa atakucheka," Gloriose aliwaambia. "Tukiwa wote, atamucheka nani? Kila kitu iandikwe bei. Akigusa, sema bei. Jirani akisema, na wewe sema."

"Na bakitufukuza?" akauliza Ndizeye.

"Batafungua maonyesho ya nini?" Casimir akajibu. "Ya viti tupu na spika?"

Safari hii meza yao ilikuwa tena nyuma, karibu na vyoo. Lakini Divine alikuwa ameipanga upya. Kitunga kimoja alikijaza karanga. Kingine alikitia nguo za mtoto mchanga. Kingine unga. Mtu aliyepita hakuhitaji kuuliza ni cha kazi gani. Na Divine hakungoja kuitwa. Alimpa kila mpitaji kifuniko mkononi: "Mama, funga mwenyewe, usikie."

Fuu! Watu walicheka, wakafungua, wakafunga tena. Watoto wakapanga foleni. Mama aliyetoka Mboko alisoma karatasi, akajaribu kupunguza bei. Divine akamweleza kazi ya jani na siku za kusuka, kwa upole, bila kushuka chini ya kile walichopanga. Yule mama akalipa. Akamwita na dada yake.

Wakubwa walipofika, vitunga vilikuwa vimebaki vichache. Mkubwa alikuwa na miwani ile ile. Bertin alikuwa na kicheko kile kile. Mkubwa akachukua kitunga cha karanga, akamwaga karanga zake mezani, akafunga kifuniko.

"Oh! Hii ndiyo kazi ya Fizi! Hii nitapeleka..."

 Casimir alishika ukingo wa meza.

"Bei yake iko imefungwa kwa kifuniko, mukubwa," akasema.

Mkubwa akatabasamu. "Muzee, hii ni ya mfano."

"Mfano nayo iko na bei!" akasema Gloriose kutoka meza ya pili.

"Hata chungu yangu iko na bei!" akadakia Mama Dorothée.

"Na kiti!" akasema Ndizeye. "Mukubwa akitaka kukaa tu, hiyo ni bure!"

Watu wakacheka. Mkubwa alitazama kushoto na kulia. Watu walikuwa wengi, na simu nyingi zilikuwa juu, zinachukua picha. Akageuka.

"Bertin, lipa."

Bertin alijipapasa mifuko kama mtu anayetafuta kunguni. Akatoa pesa, uso umemvimba. Divine akazihesabu mbele ya wote, akasema, "Aksanti kwa kutuunga mukono," akampa kitunga kwa mikono miwili.

"Tupige mikono!" Bertin akaita, apate kuondoka.

Hakuna aliyepiga. Maji ya ziwa yakasikika. Casimir akainua mkono wake, kama mtoto wa shule.

"Mukubwa, hii umelipa, ni yako. Sasa nauliza ile ya mwezi wa tano. Ya muke wangu."

Mkubwa alimtazama Bertin. Bertin alitazama viatu vyake. Gari likawashwa.

Siku hizi, kwenye maonyesho ya Baraka, ni nadra kuona kitu kisicho na karatasi ya bei. Wakubwa wakipita, wengine wananunua, wengine wanaweka mikono nyuma. Divine amechukua wasichana wawili wa Lweba na mmoja wa Lusenda, anawafundisha kifuniko. Wakichoka kushika kitunga, baba yake anakipakata, anakigeuza kushoto. Kwa faida ya vitunga walinunua mabati ya nyumba, na mvua ya mwaka huu haikuwalowesha. Barabara bado ni mashimo. Utepe wake umekatwa mara mbili.

Na kila yanapofunguliwa maonyesho, Casimir husubiri spika inyamaze. Hatukani. Hapigi kelele. Anavua kofia, anasimama mbele ya meza yake karibu na vyoo, na anamuuliza mkubwa aliyekuja, awe yeyote yule:

"Mukubwa, kitunga ya Pulchérie iko kwa nani?"