Trei Iliyomficha Baba

Kila asubuhi filimbi ya kituo cha walinzi ilipolia, kijiji kizima kiliamka kwa pamoja kama kuku waliotishwa na mwewe. Watu wazima walishika majembe wakaenda kuchimba handaki. Watoto walichota maji huku mlinzi amewasimamia, kisha wakaingia shule. Rwamba hakuhitaji filimbi. Yeye alikuwa ameshaamka, ameshafagia, ameshachochea moto usiohitaji kuchochewa, na sasa alisimama mlangoni akikanyaga huku na huku. Hakuwa mtoto wa kutulia. Bibi yake, ambaye Rwamba alimwita Cucu kama watoto wote wa Embu wanavyowaita bibi zao, alisema mtoto huyu alizaliwa akiwa na safari.

Miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni, ikiwasaka wapigania uhuru wa msituni, ilikuwa imewatoa watu katika migongo yao ya vilima na kuwabana mahali pamoja, nyumba zikiwa kwenye mistari kama mahindi shambani. Handaki lilizunguka kijiji, na ndani yake kulichomekwa miti iliyochongwa. Njia ya kuingia ilikuwa moja tu, daraja la magogo, lililoteremshwa asubuhi na kuinuliwa jioni. Aliyetaka kwenda mbali alihitaji pasi, na pasi haikutolewa ovyo.

Siku ya kuhama, Cucu alitoka na vyungu, ngozi ya kulalia na picha ya mwanawe Munyi, babake Rwamba. Picha ilikuwa ndani ya fremu kubwa ya mbao yenye kioo. Munyi alisimama wima, mkono juu ya kiti, miguuni amevaa viatu vipya ambavyo, kwa jinsi alivyovitanguliza, ungedhani ndivyo vilivyokwenda kupigwa picha. Sasa alikuwa kizuizini, mbali, kwenye nchi ya joto na vumbi. Hakuna aliyemkuta na kosa. Mtu mmoja alisema tu, "Nilimwona," na hilo likatosha.

Kila asubuhi Cucu alichovya pembe ya shuka katika mafuta ya mbarika, akapangusa fremu na kusema, "Umeamkaje, Munyi?" Kisha ndipo alipokwenda kuchimba.

Mamake Rwamba naye hakuwapo. Alikwenda kwao Nkubu kumtazama dada yake aliyejifungua, na akiwa huko barabara zikafungwa. Hakupata pasi ya kurudi. Alichoweza kutuma ni salamu tu, na hizo aliziweka mikononi mwa Gedi, Msomali wa Meru mjini aliyeendesha lori la mahindi ya vituoni. Safari ya mwisho Gedi alileta kitambaa chekundu chenye maua ya manjano. Akasema mama amesema kiwe cha Rwamba, akishone apendavyo.

Basi wiki moja Mwalimu Kagure, aliyefundisha kazi za mikono, aliwaambia wasichana kwamba kijiji kitatembelewa na bibi wa Kizungu wa ofisi ya maendeleo. Kila msichana atengeneze kitu cha kuandalia chai. Kitakachopendeza zaidi ndicho kitakachobeba vikombe, na aliyekitengeneza ndiye atakayempelekea mgeni.

Rwamba alisikia hilo la mwisho tu. Watu walisema yule bibi akiandika barua, pasi hutoka. Mpeleka chai husimama karibu na sikio la mgeni. Angemwinamia na kusema: mama yangu yuko Nkubu.

Wambeti, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameshaanza kusuka kitanga cha maganda ya migomba. Alimtazama mwenzake akiguguna kalamu, akacheka.

"Wewe utatengeneza nini, Rwamba? Hata kukaa kumekushinda."

"Nitatengeneza trei," Rwamba akasema. "Ya kioo." Alikuwa hajui kioo atakitoa wapi.

Siku ya pili yake kulikuwa na msako. Wazee wakiwa handakini, homugadi, wale walinzi wa kijiji waliopewa bunduki na serikali, walipita nyumba kwa nyumba wakipekua. Wakati huohuo Mwalimu alimruhusu Rwamba akimbie nyumbani kuchukua kitambaa chake. Alikuta ngozi zimepinduliwa na unga umemwagika. Picha ya baba ilikuwa imeondolewa msumarini na kulazwa kifudifudi kitandani, kwa maana walitazama hata nyuma yake. Aliiinua. Kioo kilikuwa kizima. Akaiona fremu kwa jicho jingine: mbao nzuri, pembe nne imara. Akaifunika kwa kitambaa, akakimbia.

Nyuma ya darasa alichomoa misumari midogo na kuutoa ubao wa nyuma. Picha alitaka kuiweka pembeni. Lakini aiweke wapi, katika kijiji ambacho hata unga unapekuliwa? Akaiacha ubaoni. Juu yake akatandaza kitambaa, akavuta mpaka mikunjo yote ikaisha, akapaka kingo gundi ya uji mzito wa unga wa mahindi. Angesubiri gundi ikauke, maana ndivyo Mwalimu alivyofundisha. Hakusubiri. Alirudisha kioo gundi ikiwa bado mbichi, akapigilia misumari, akasugua mbao kwa jani la msasa, akafunga vishikio viwili vya kamba ya mkonge. Maua ya manjano yaliwaka chini ya kioo. Wambeti alipoiona alikificha kitanga chake mgongoni.

Mwalimu Kagure aliigeuza trei mikononi, akauliza fremu imetoka wapi. "Nyumbani," Rwamba akajibu. Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo Mwalimu hakuuliza zaidi, akaichagua ibebe vikombe vya mgeni kesho yake.

Jioni Cucu alirudi na udongo mpaka magotini. Hakuangalia unga wala ngozi. Aliangalia msumari mtupu ukutani.

"Munyi yuko wapi?"

Rwamba alikuwa amejitayarisha kusema picha imeanguka. Lakini jibu jepesi zaidi lilikuwa pale karibu, limeiva, mtu yeyote angeliamini.

"Labda ni wale wa msako," akasema.

"Nani aliingia humu?"

"Runji." Kisha, kwa sababu Cucu aliendelea kumtazama, akaongeza, "Nilimwona akitoka na kitu."

Runji alikuwa kijana wa mgongo uleule wa kilima, aliyechunga mbuzi pamoja na Munyi tangu utoto. Sasa alikuwa homugadi. Cucu alikusanya unga uliomwagika hata moto ukafifia. Rwamba alijiambia kwamba baada ya mgeni kuondoka ataifungua trei, airudishe picha, na neno litakwisha lenyewe.

Lakini neno halikungoja. Asubuhi Cucu alijifunga mshipi vizuri, akaelekea kituoni badala ya handakini. Hata mwanamume mwenye nguvu hakwenda kituoni bila kuitwa. Rwamba aliona mgongo wake ukipotea kati ya nyumba. Alitaka kumkimbilia. Miguu iliyokuwa haitulii siku zote ikakataa kwenda. Kengele ya shule ikalia, akaigeukia shule.

Mgeni alifika jua likiwa limepanda. Alikaribishwa kituoni, chini ya paa la mabati, pamoja na hedimani, yaani mkuu wa kijiji, mzee Nyamu. Rwamba alipewa trei yenye birika na vikombe, naye Mwalimu Kagure akimfuata kwa nyuma ili afasiri maneno. Njiani alikuwa akirudia kimoyomoyo: mama yangu yuko Nkubu, mama yangu yuko Nkubu.

Mlangoni alisimama. Kando ya ukuta Cucu alikuwa ameketi chini vumbini. Upande wa pili aliketi Runji, bila bunduki wala mkanda. Mzee Nyamu alikuwa akimweleza mgeni, kwa Kiswahili cha kubabaisha, kwamba hapa kuna kesi ndogo. Mama huyu anasema askari wa kituo ni mwizi, na askari anakana.

"Mmoja wao ni mwongo," akasema. "Mgeni akiondoka, huyo ataingia kizuizini. Sina haja ya kuuliza mara mbili."

Runji hakuwa na hasira. Alimtazama Cucu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimekula kwako mimi. Niliishika picha ya Munyi, nikailaza kitandani ili isivunjike. Ni hilo tu."

"Aliyekuona ni mtoto wangu," Cucu akajibu. "Mtoto wangu hasemi uongo."

Mwalimu Kagure akanong'ona kwamba aende, chai inapoa. Rwamba hakwenda kwa mgeni. Alipiga magoti katikati ya vumbi, akatoa birika, akatoa vikombe kimoja kimoja, akaigeuza trei na kung'oa misumari kwa kucha. Ubao na kioo vikatoka. Akakivuta kitambaa cha mama.

Gundi ilikuwa haijakauka vizuri, ikawa imepenya. Kitambaa kilipoinuka kilichana pembe ya picha. Munyi akatokea mbele yao wote, wima, mkono juu ya kiti, na kiatu kimoja tu. Kile cha kushoto kilibaki kimenata kwenye maua ya manjano.

"Sikumwona Runji," Rwamba akasema. "Nilichukua mimi."

Mzee Nyamu aliinua fimbo. Runji akanyanyuka, akasimama kati yao, akamwomba amwachie yeye aliyesingiziwa achague adhabu. Hedimani alimtazama mgeni, mgeni alikuwa akimtazama yeye, akaishusha fimbo. Runji akasema kwamba handaki zima limeshasikia yeye ni mwizi. Basi mtoto huyu aende handakini, aseme mbele ya watu ni nani aliyechukua.

Na ndivyo ilivyokuwa. Cucu alimshika mkono, wakapita ukingoni mwa handaki tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kundi lililosimamisha majembe lilisikia kutoka kinywani mwake. Wengine walimcheka. Mwanamke mmoja alitema mate. Rwamba hakuwahi kutembea polepole vile maishani mwake.

Nyumbani Cucu alikirudisha kioo, akaitundika fremu kwenye msumari wake, akaipaka mafuta.

"Ungeniomba ningekataa," akasema. "Kisha ningekupa."

Rwamba alilia. Cucu alimwacha alie, halafu akamketisha karibu.

"Unajua nini kilichompeleka baba yako kule? Si bunduki. Ni neno lile lile ulilonipa jana: nilimwona. Siku hizi uongo haukosi wa kuuamini, kwa hiyo aliye na ulimi aushike kama mtu anayebeba moto kwenye nyumba za nyasi. Kupeleka neno ni rahisi, hutembea lenyewe. Kulirudisha, umeona, ni kwa miguu yako."

Keshoye Mwalimu Kagure alimwita, akamuuliza alitaka nini hasa kwa mgeni. Rwamba akamwambia habari ya Nkubu. Mwalimu akatikisa kichwa. Alisema angeambiwa mapema angeomba yeye, bila trei wala kikombe. Akaomba. Pasi ilichelewa, lakini ilitoka, na mvua zilipoanza lori la Gedi lilisimama kwenye daraja la magogo, mama akashuka na kitita chake kichwani. Aliyemsaidia kukibeba hadi nyumbani alikuwa Runji.

Munyi alirudi baadaye sana, mwembamba, wakati watu wameshaanza kurudi kwenye migongo yao ya vilima. Jambo la kwanza alisimama mbele ya picha yake, akainama kuitazama.

"Kiatu changu kiko wapi?" akauliza.

Wote wakamgeukia Rwamba, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa. Alikwenda sandukuni akaleta kitambaa chekundu. Kiatu kilikuwa bado pale, kati ya maua. Akaketi chini mbele ya baba yake, akatulia, akamsimulia yote bila kuruka neno. Munyi alisikiliza hadi mwisho, kisha akakikunja kitambaa taratibu na kumrudishia.

"Kitunze," akasema. "Yule aliyesema aliniona mimi, hajaja mpaka leo kukaa hapo ulipokaa."