Sauti Ambayo Sikio-Fundi Halikuijua

Kila mashine mjini Tukuyu ilikuwa na sikio-fundi: kidude kidogo kama kifungo cha koti, kilichobandikwa ubavuni kusikiliza mashine inavyofanya kazi. Feni ikilegea, sikio lilitaja skrubu yenyewe, na roboti ya matengenezo ilifika kabla mwenye nyumba hajajua kuna tatizo. Watu walikuwa wameshasahau kubishana na mafundi.

Ndiyo maana Ambakisye alishangaa kikaushio chake cha nguo kilipoanza kupiga mluzi, kisha kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Asubuhi ya tatu pipa lilizunguka vizuri tu, lakini nepi zikatoka baridi na mbichi vilevile. Sikio-fundi likasema:

"Hitilafu haijulikani. Badilisha mashine. Mpya itafika baada ya siku sita."

Siku sita! Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tisa mfululizo. Pacha wake walikuwa wamezaliwa kabla ya wakati, na mkewe Lugano alikuwa bado amelazwa hospitali, yeye akibaki na watoto nyumbani. Muuguzi alikuwa amemwonya kwamba watoto wale wasipatwe na baridi hata kidogo. Nepi kavu zilibaki nne.

Jirani akamkumbuka Bi Tupokigwe, fundi wa zamani. Mama huyo alifika na mwavuli na mfuko wa spana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, ila nepi zinaisha."

"Kilianza kipi, kelele au baridi?"

"Kelele. Tangu juzi."

"Basi kelele ndiyo imezaa baridi. Zima umeme."

Alilitazama chujio la kunasia vumbi la nguo, lilikuwa safi. Akaweka sikio lake mwenyewe kwenye bati na kulizungusha pipa kwa mkono, taratibu. Mluzi ukasikika. Akafungua mgongo wa mashine, akachomoa kigurudumu kinachobeba pipa. Kilikuwa kimevikwa nyuzi laini za rangi ya maziwa, zimebana kama kamba. Bomba la kutolea hewa nalo lilikuwa limeziba kwa nyuzi hizohizo.

"Nepi hizi za nini?"

"Za nyuzi za migomba. Zimetoka mwaka huu."

"Ahaa. Vumbi lake ni laini mno, linapenya chujio. Hewa ya moto ikakosa pa kutokea, fyuzi ikakatika ili nyumba isiungue. Mashine yako si mbovu. Imekulinda."

Akasafisha, akabadilisha fyuzi. Ambakisye alimtazama mikono.

"Kumbe unajua kuliko sikio lenyewe!"

"Nililifundisha mimi. Miaka kumi na mmoja nilikaa na wahandisi chumbani, wao wanacheza sauti za mashine zilizorekodiwa, mimi nataja ugonjwa. Tulipomaliza wakaniaga kwa keki." Alicheka kidogo. "Ilikuwa tamu. Ila tangu siku hiyo simu yangu haikulia."

Umeme ukawashwa. Kikaushio kikanguruma polepole, na joto likaanza kupanda. Sikio-fundi likazinduka.

"Hitilafu imeondoka. Tafadhali taja chanzo chake."

Ambakisye akanong'ona, "Usiliambie, mama. Likishajua, nani atakuita tena?"

Mama yule aliwatazama pacha, wamelala ubavu kwa ubavu chini ya blanketi. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno: nyuzi za migomba, kigurudumu, bomba, fyuzi.

"Asante," sikio lilijibu. "Sauti hii inasikika sasa hivi katika nyumba mia mbili na kumi na mbili. Roboti zinatumwa."

Bi Tupokigwe akakaa kitini. "Mia mbili! Na wote wameambiwa wasubiri mashine mpya." Akaligeukia sikio. "Sauti nyingine usizozijua zipo?"

"Zipo mia tisa na arobaini."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Ambakisye alizitoa nepi za kwanza, zenye joto kama mkate. Mtoto mmoja akaanza kulia. Bi Tupokigwe akampokea, akamlaza kifuani akingoja abadilishwe.

"Niwekee chai, mwanangu, leo siondoki upesi," alisema. Kisha akaliambia sikio, "Haya, cheza ya kwanza. Polepole, mtoto asishtuke."

Akafumba macho, akasikiliza.