Nani Atamkatia Meerim Kamba?

"Ata! Ata, nitazame! Nimeshika hatamu mwenyewe!"

Kunduz aligeuka haraka amwone huyo baba anayeitwa. Tangu theluji iyeyuke alikuwa akimfundisha Meerim kupanda farasi, mtoto wa miaka saba mwenye miguu iliyokakamaa tangu kuzaliwa, na kila alipouliza habari za baba aliambiwa yuko Urusi kwenye vibarua. Leo karudi, akawaza, heri ya mtoto.

Kwenye uzio alisimama mwanamume mmoja tu, mfuko wa sambusa za tanuri mkononi, uso umemshuka. Alikuwa Taalai. Taalai wake! Mchumba wake, ambaye mama yake majuzi tu alikuja kumvisha Kunduz hereni za posa mbele ya ukoo mzima.

"Taalai, huyu mtoto anamwita nani?"

Taalai aliuficha mfuko nyuma ya mgongo.

"Ata, mbona hunipungii mkono?" Meerim alilalamika juu ya farasi. "Au hunioni?"

"Nakuona, mwanangu."

Basi, mambo hadharani. Kunduz hakupiga kelele. Pale kwenye uwanja wa watoto wenye ulemavu humwachii farasi mwenye mtoto mgongoni hata kama kwako kunaungua. Alimaliza mzunguko, akamshusha Meerim kwenye kiti chake cha magurudumu, akamkabidhi kwa Nargiza, shangazi aliyekuwa akimleta kila Jumamosi, ambaye siku ya posa hakuonekana. Nargiza alikuwa akivitazama viatu vyake utadhani kaviona leo.

"Eje Nargiza, dada yangu mkubwa, kumbe Urusi iko nyuma ya uzio?"

"Mdogo wangu, nisamehe. Mimi nilitumwa tu."

Kunduz alimvuta Taalai mpaka nyuma ya zizi.

"Haya, anza."

"Kunduz, nisikilize..."

"Nakusikiliza tangu mwaka jana! Umenisimulia mpaka mbwa uliyemfuga ukiwa darasa la pili. Mtoto ndiye ukamsahau?"

"Sikumsahau. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Kutwa nawabeba watoto kama Meerim mikononi mwangu!"

"Ndiyo sababu yenyewe! Ningekwambia siku ya kwanza ungesema nini? Huyu hanitaki mimi, anatafuta yaya wa bure. Mama yake alituacha Meerim akiwa na miaka miwili. Mimi nilikupenda hata sijajua unafanya kazi gani. Siku ulipoitaja, ulimi ukagoma."

Ilimuuma Kunduz, kwa sababu aliijua nafsi yake. Huenda kweli angesema hivyo.

"Ukaona uniletee mwanao kama mwanafunzi."

"Nilitaka apande farasi. Nikataka akujue kabla hajaambiwa wewe ni nani. Anakupenda, Kunduz."

"Na mama yako?"

"Mama alisema tusubiri mpaka harusi ipite."

"Mpaka nivishwe kitambaa cheupe cha mke wa mtu nisiweze kutoka! Ondoka, Taalai. Ondoka na sambusa zako."

Aliondoka, sambusa akaziacha. Watoto walizimaliza.

Kesho yake jioni simu ya Kunduz ikalia mlio wa ujumbe. Ni Nargiza: "Mama amechafuka. Amesema Meerim haji tena huko, na Jumamosi hakuna cha michezo ya uwanjani wala kamba. Mtoto amegoma kula."

Hiyo kamba ndiyo iliyomkosesha Kunduz usingizi. Kwa Wakirgizi, mtoto akipiga hatua za kwanza hufungwa miguu kwa kamba ya sufu nyeusi na nyeupe. Watu hushindana mbio, na anayefika wa kwanza huikata kwa kisu, ili mtoto asijikwae maishani. Meerim hakuwahi kupiga hatua, kwa hiyo hakuwahi kukatiwa. Siku moja akiwa juu ya Boz, yule farasi wa kijivu, aliuliza, "Eje, kamba yangu mimi alikata nani?" Kunduz akajibu bila kufikiri mara mbili, "Miguu yako ni Boz. Siku ya michezo tutamfunga yeye, tukukatie wewe."

Sasa ahadi ni deni. Kulipokucha akampigia Taalai.

"Jumamosi mlete mtoto."

"Mama hataki."

"Sijamuuliza mama yako. Wewe ni baba yake au mpangaji wa pale?"

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa taratibu.

"Taalai?"

"Majirani hawajui kama yupo," Taalai alisema kwa sauti ndogo. "Wanadhani mama yake aliondoka naye. Nargiza humtoa alfajiri kwa gari, humrudisha giza likiingia."

"Miaka mitano?"

"Miaka mitano."

Kunduz alikata simu. Alikaa, akalia kidogo, akajifuta. Kisha akavaa koti.

Sasa, binti aliyevishwa hereni haendi nyumbani kwa mchumba wake kabla ya harusi. Ni aibu ya kusimuliwa mpaka wajukuu. Kunduz alikwenda mchana kweupe, akabisha hodi.

Zuura, mama yake Taalai, alifungua mlango akashika kifua.

"Yarabi! Bibi harusi kaja kwa miguu yake! Majirani wamekuona?"

"Wote, apa," Kunduz alijibu, akimwita mama kwa heshima. "Nimewasalimia mmoja mmoja."

"Ingia upesi, usiniue!"

Mle ndani Zuura alinyoosha mkono kwenye kitambaa cheupe kilichokuwa juu ya kiti. Kunduz akaruka nyuma. Hadithi za vikongwe waliowatupia wasichana kitambaa kichwani na kuwafanya wakwe kwa nguvu alizisikia tangu utotoni.

"Apa, ukinivisha hicho napiga simu polisi!"

"Cha kufutia vikombe, mwehu wewe! Kaa chini."

Chai ikamiminwa, mkate ukawekwa. Hakuna aliyegusa.

"Apa, kwa nini mmemficha Meerim?"

"Kwa sababu nawajua watu. Na wewe usijione. Wewe unawapenda watoto hawa kwa saa. Jumamosi ikiisha unawarudisha kwao. Mimi namgeuza kitandani, namwogesha, mgongo wangu umekwisha. Aliyemzaa alishindwa. Wewe ndiye uweze?"

"Sijui kama nitaweza."

Zuura alishtuka. Alijiandaa kwa maneno matamu, si kwa hilo.

"Sijui, apa. Lakini nikishindwa, nitashindwa kwa uzito wake. Sitashindwa kwa sababu ya jirani."

"Na hiyo kamba! Kumfanyia asiyetembea sherehe ya kutembea si ni kumdhihaki? Watacheka."

"Wacheke. Meerim ameniuliza kamba yake alikata nani. Mjibu wewe, mimi nimeshindwa."

Kutoka chumba cha nyuma sauti ikapenya, "Bibi! Huyo ni Kunduz eje? Boz hajambo? Mwambie bado nakuja!"

Zuura alijifunika macho kwa kile kitambaa cha vikombe.

Kunduz alivua hereni, moja, ya pili, akaziweka kando ya mkate.

"Zikishavishwa hazirudishwi," Zuura alisema nyuma ya kitambaa.

"Sijazirudisha, zinasubiri. Jumamosi Taalai akimleta mwanawe mchana, akasema mbele za watu kuwa ni wake, tutaongea habari za harusi. Asipomleta, tafuteni masikio mengine."

Akainuka, akaelekea mlangoni.

"Simama hapo! Hasira zako peleka kwenu, lakini hutoki nyumbani kwangu bila kuonja mkate."

Kunduz alirudi, akamega kipande, akakitafuna kwa hasira, akatoka.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watoto wa magongo walikuwa wakishindana na wa viti vya magurudumu kulenga mifupa ya kondoo, na wa magongo walikuwa wakipigwa vibaya. Wasioona walivuta kamba, wazazi wakiwapigia kelele za kuwaelekeza, kila mzazi upande wake. Kunduz aliwapandisha farasi mmoja baada ya mwingine, akacheka nao, lakini shingo yake haikutulia. Kila gari lilipopita aligeuka.

Simu ikatetemeka mfukoni. Taalai: "Tumetoka. Hatuji na gari. Usianze."

Hawaji na gari? Kunduz akapanda juu ya uzio atazame.

Aliwaona kwa mbali. Taalai alikuwa akisukuma kiti cha Meerim katikati ya barabara kuu ya kijiji, palepale sokoni, tena polepole. Meerim alikuwa akimpungia mkono kila muuza matikiti. Nyuma yao msururu wa majirani ulikuwa umeacha shughuli zake, na mbele ya msururu alikuwa Bubusara, mwanamke ambaye habari humfikia kabla hazijatokea.

Walipofika uwanjani Bubusara hakuvumilia tena.

"Taalai, mwana wangu, hebu tuambie. Huyu mtoto wa nani?"

Watu wakasogea karibu. Taalai alitazama chini, Kunduz akadhani ameshindwa. Kumbe alikuwa akifunga breki ya kiti tu. Akasimama wima.

"Wangu. Anaitwa Meerim. Hakuondoka na mama yake. Yumo nyumbani kwetu miaka yote hii, na mimi baba yake nilimficha kwa kuona haya. Haya yenyewe ni yangu, yeye hana lolote la kuonewa haya. Anayetaka kucheka anicheke mimi."

Hakucheka mtu. Bubusara alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo kijiji kile hakikuwahi kuliona.

"Pisheni! Mnazuia njia!"

Alikuwa Zuura, anahema, mkongojo mkono mmoja, na mkono wa pili kamba mpya ya sufu, nyeusi na nyeupe.

"Apa, umeisokota lini?" Kunduz aliuliza.

"Usiniulize maswali. Mfunge huyo farasi kabla sijabadili mawazo."

Meerim akapandishwa, akavalishwa kofia ngumu. Miguu ya mbele ya Boz ikafungwa kamba. Taalai akachukua kisu, na mama yake akamchapa mkono palepale, kikadondoka.

"Baba hakati! Hukufunzwa? Mtoto hurithi mwendo wa anayekata."

"Basi mpwa wangu akate," Bubusara aliwahi. "Hakuna anayemshinda mbio hapa."

"Wakimbie wote," Zuura aliamua. "Na wewe, Kunduz, kimbia."

"Mimi mwalimu, apa."

"Mwalimu hana miguu?"

Wakajipanga ng'ambo ya uwanja. Taalai akapiga kofi, wakafyatuka. Kunduz alikuwa na buti za zizini zenye matope, na mpwa wa Bubusara alimwacha mapema tu.

"Kimbia, Kunduz eje! Kimbiaaa!" Meerim alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Yule mpwa alibakiza kidogo tu afike. Ghafla, sijui ilikuwaje, mkongojo wa Zuura ukapita mbele ya miguu yake. Kijana akaenda chini mzimamzima.

"Rafu!" Bubusara alipaza sauti. "Jamani, amechezewa rafu!"

"Uzee huu, mama," Zuura alisema kwa upole. "Mikono inatetemeka."

Kunduz alipita, akapiga goti matopeni, akaokota kisu. Kamba ikakatika. Boz akapiga hatua, na nyingine, na Meerim hatamu mkononi, hana aliyemshika, anacheka na kulia kwa pamoja. Makofi yakalipuka.

Zuura alimsogelea Kunduz, akamkwangua tope begani kwa ukucha.

"Nimetaka achukue mwendo wako," alimwambia. "Wa kwetu sisi ni wa kujificha."

Kunduz alimkumbatia yule kikongwe, mpaka mkongojo ukaanguka.

Taalai akaja, akasimama kando kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Umenisamehe?"

"Bado. Nimepanga kukukasirikia mpaka majani yapukutike."

"Na yakishapukutika?"

"Tunaoana. Ila mezani Meerim atakaa kati yetu, mbele ya wageni wote. Na mtu akiniita yaya, utamjibu wewe."

"Nitamjibu mimi."

"Leo umemjibu vizuri Bubusara," Kunduz alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yaharibike akamtabasamia. "Nakupenda, mjinga wewe."

Taalai hakuwahi kusema lake, kwa maana kutoka mwisho wa uwanja ilikuja sauti ya furaha na ya wasiwasi:

"Ata! Eje! Boz amepita lango! Anasimamishwaje?"

Wakashikana mikono, wakakimbia.