Galoni za Mbaraka Supa

Kila alipotoka shule, Lukia alivua sare, akala, kisha akaenda dukani kwa baba yake kubandika lebo. Duka la Mzee Mbaraka lilikuwa karibu na stendi ya mabasi, Same mjini. Ulikuwa mwaka 1988. Bidhaa zilizoadimika kwa muda mrefu zilikuwa zimeanza kurudi madukani, na kila mwenye gari alitafuta oili ya injini. Mfanyabiashara aitwaye Chande ndiye aliyeileta kwa mapipa. "Inatoka Mombasa," alisema. Baba aliijaza kwenye galoni, naye Lukia akabandika lebo nyekundu: MBARAKA SUPA, OILI MPYA.

Jumatatu moja galoni ilipasuka. Lukia alihamishia oili iliyobaki kwenye chupa ya kioo. Alipoitazama Alhamisi, chini ya chupa palikuwa na tope jeusi.

"Baba, hebu ona! Oili mpya inatuamaje uchafu?"

Mzee Mbaraka aliitazama chupa, kisha akatazama mlangoni. "Iweke chini ya meza. Usimwonyeshe mtu."

Mara akaingia Erasmo, dereva wa Landrova ya kubebea wagonjwa wa milimani.

"Shikamoo, mzee. Nipe galoni mbili upesi. Oili iliyomo imekwisha nguvu, nabadilisha hapo nje, kisha napanda Mbaga. Kuna mama ana uchungu tangu jana. Lazima afike hospitali leo."

"Marahaba," baba alijibu kwa sauti ndogo. Alisita kidogo, kisha akampa galoni.

Lukia aliitupia jicho chupa chini ya meza. Aliijua barabara ya Mbaga, kona zake na makorongo yake. Gari likizima huko, yule mama ataokolewa na nani?

"Baba, mwambie!" alinong'ona Erasmo alipotoka.

"Nyamaza! Mapipa matatu yamejaa. Tukiyamwaga tutakula nini?"

Lukia aliichukua ile chupa akakimbia nje. Erasmo alikuwa ameshamwaga oili ya zamani na anafungua galoni.

"Mjomba Erasmo, usiitie! Tazama hii!"

Erasmo alichovya kidole kwenye lile tope, akalisugua. "Ina chengachenga za chuma. Oili hii imeshatumika, ikachujwa." Aligeuka. Mzee Mbaraka alikuwa amesimama mlangoni. "Mzee, ulijua?"

Watu wa stendi walianza kusogea. Lukia alisubiri kugombezwa.

"Siku ya kwanza niliinusa, ikanuka kuungua," baba alisema hatimaye. "Sikumuuliza Chande. Niliogopa jibu."

Aliingia ndani, akarudi na kopo kubwa la oili ambalo halijafunguliwa. "Tia hii. Nilijiwekea kwa ajili ya pikapu yangu. Wahi, mwanangu."

Landrova ikaondoka kwa kasi. Mchana wote baba na binti walibaki dukani. Kila gari liliposikika, wote wawili waliinua vichwa. Jua lilipokaribia kuzama, Landrova ilipita mbele ya duka kuelekea hospitali. Kesho yake Erasmo alileta habari kwamba yule mama amejifungua mtoto wa kike, na wote ni wazima.

Siku hiyohiyo Chande alibanwa na baba, akakiri kwamba alinunua oili chafu gereji na kuichuja kwa kitambaa. Mzee Mbaraka alimpeleka polisi, kisha akawaita wateja wote warudishe galoni zao.

"Bado umenikasirikia, baba?" Lukia aliuliza walipokuwa wakibandua lebo.

"Nimejikasirikia mimi," baba alijibu. "Nzuri niliificha kwa ajili ya gari langu, mbaya nikawauzia wenzangu. Kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kukitumia, Lukia, usimuuzie mtu, hata kama njaa ipo mlangoni."